Poka: mpinzani wako anafikiri mpaka wapi? Kaa ngazi moja juu yake, usipande mbili

Mikindani_Kwetu (mwenye uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni wa wanaocheza poka ya karata mbili mkononi na tano mezani, iwe kijiwe chenu kiko Shangani, Chikongola, Masasi au Lindi mjini. Sheria za mchezo sitazirudia. Nataka tujadili jambo linalowaliza wengi waliokwisha kuzijua: mtu amejifunza mitego na mikwara, akikaa na wazoefu anajitahidi, akikaa na aliyejifunza karata juzi anamalizwa kete zote.

Chanzo chake ni hiki. Kila mchezaji ana mahali fikra zake zinapoishia, na mchezo wako lazima uanzie pale zinapoishia zake, si pale zinapoishia zako.

Wa ngazi ya kwanza anajiuliza swali moja tu: "Mimi nina nini?" Akiona jozi anafuata, akikosa anatupa. Wa ngazi ya pili anaongeza: "Na yeye ana nini?" Huyu ndiye anayeshtuka esi ikitua mezani. Wa ngazi ya tatu anauliza: "Yeye anadhani mimi nina nini?" Wa nne: "Anadhani mimi namdhania ana nini?" Kwenye karatasi ngazi hizi hazina mwisho. Kwenye meza za kawaida, ukikutana na wa tatu wa kweli umekutana na mtu mzito.

Kanuni yenyewe: mcheze kwa ngazi moja juu ya yake. Akiwa wa kwanza, wewe cheza ya pili, yaani angalia yeye ana nini, basi. Ukimchezea ya tatu unajihangaisha na picha ya karata zako iliyoko kichwani mwake, na kichwani mwake picha hiyo haipo.

Ili tuelewane: *kapu* ni kete zote zilizokwisha kuwekwa katikati. *Mkwara* ni dau la mtu asiye na karata. *Flopu* ni karata tatu za kwanza mezani. *Kufuata* ni kuweka sawa na dau la mwenzako, *kupandisha* ni kuliongeza. *Rangi* ni kopa, shupaza, uru au pau. *Flashi* ni karata tano za rangi moja, *streti* ni karata tano zinazofuatana. *Kupita* ni kukaa bila kuweka dau na bila kutupa karata. Mifano yote tuchukue kila mtu ana kete 2,000, na madau ya lazima ni 10 na 20.

Mfano wa ngazi ya kwanza. Una esi na kwini, unapandisha hadi 60, anafuata aliyeweka dau la lazima la 20, wengine wametupa. Kapu lina 130. Flopu inakuja kwini, 8 na 3, rangi tofauti. Mtu huyu anafuata kwa jozi yoyote, hata ya 8. Wengi wenu hapa mnaweka nusu ya kapu kila mara "ili asikimbie": 65, kisha 130, kisha 260. Mwisho wa mchezo mmeingiza kete 515 kila mmoja. Sasa weka 100 kwenye flopu, 250 kwenye karata ya nne, 600 kwenye ya tano. Kila mmoja anaingiza 1,010. Karata ni zilezile na mtu ni yuleyule, ila umepata karibu kete 500 zaidi. Yeye haulizi dau lako lina maana gani. Anauliza kama ana jozi, na jozi anayo.

Upande wa pili wa shilingi usisahaulike. Mtu huyuhuyu anayefuata tu siku zote, akikupandishia kwenye karata ya nne au ya tano, tupa jozi yako moja bila kusononeka. Hana mkwara. Kumfuata "kwa sababu huenda anazuga" ni kumpa akili ambayo hajaonyesha kuwa nayo.

Karibuni tujadili. Mwenye mfano alete na hesabu yake.

---

Mtama_Njiapanda

Shukrani mkuu. Swali: nitajuaje yuko ngazi ipi? Hawavai vibao kifuani. Wengine wanaongea sana mezani kama maprofesa wa karata, kumbe ukiwaona wanavyocheza ni bure.

---

Dada wa Ligula

@Mtama_Njiapanda maneno yao weka pembeni kabisa. Kuna vitu vinavyosema kweli.

Cha kwanza, na kikubwa kuliko vyote, ni karata zinazofunuliwa mwisho. Watu wengi wakishatupa karata zao wanageukia simu au sahani ya ming'oko. Hapo ndipo unapotakiwa kukodoa macho. Mtu akifunua, rudi nyuma kichwani: alifanya nini kabla ya flopu, aliweka kiasi gani kwenye flopu, alisita wapi. Aliyefuata madau matatu makubwa kwa jozi ya 5 huku mezani kuna esi na kingi, huyo ni wa kwanza. Aliyekuwa na jozi ya kwini akaitupa kwa utulivu esi ilipotua, akakuonyesha kabla ya kutupa, huyo ni wa pili. Aliyefunua karata tupu baada ya kucheza tangu mwanzo kama mwenye flashi, mwangalie kwa heshima.

Cha pili ni ukubwa wa dau ukilinganisha na kapu. Wa kwanza anaweka namba anayoipenda, tuseme 100, kapu likiwa 130 au likiwa 900. Dau la 100 kwenye kapu la 900 linakupa nafasi ya kufuata ukiwa na uwezekano wa asilimia 10 tu wa kushinda (100 kugawa kwa 1,100 ni kama asilimia 9), kwa hiyo hata anayesubiri karata moja ya flashi, mwenye karibu asilimia 20, anafuata kwa faida. Anayelielewa hilo hawezi kuweka dau la namna hiyo. Kuna wa kwanza wengine wanaopima dau kwa uzuri wa karata zao: jozi ndogo dau dogo, tatu za aina moja dau kubwa. Huyo akishakufunulia mara tatu nne unakuwa unamsoma kama gazeti.

Cha tatu ni mahali alipokaa. Anayelielewa neno "yeye ana nini" anacheza karata chache akiwa wa kwanza kuongea (yaani kuamua) na nyingi akiwa wa mwisho, kwa kuwa anayemaliza ameshaona wenzake walichofanya. Ukimwona mtu anaingia na kingi na 5 za rangi tofauti akiwa wa kwanza kuongea kwenye meza ya watu sita, sawasawa na anavyoingia akiwa wa mwisho, hakuna haja ya kumchunguza zaidi.

Kipimo cha bei nafuu kipo pia. Umepandisha kabla ya flopu, amefuata mmoja, kapu lina 130. Flopu haikukusaidia. Weka 40. Ukihesabu 40 kwa 170, dau hilo linajilipa lenyewe akitupa zaidi ya mara 24 katika 100. Akitupa, umechukua kapu. Akifuata, umenunua taarifa kwa kete 40, na karata mbili bado zinakuja.

---

Mikindani_Kwetu

Dada wa Ligula ameeleza vizuri kuliko mimi. Niongeze moja: usimhukumu mtu kwa mchezo mmoja. Mtu wa ngazi ya pili anaweza kufuata kwa jozi ya 5 mara moja kwa hasira. Ukiona tabia ileile mara tatu, andika.

---

Hesabu_Ndanda

Naleta mfano mmoja unaoonyesha kwa nini ngazi ya mpinzani ndiyo inayoamua, si karata zako. Fuateni taratibu.

Una kingi ya kopa na 10 ya kopa, umekaa mwishoni. Unapandisha hadi 60, anafuata mwenye dau la lazima la 20, yule wa 10 ametupa. Kapu 130.

Flopu: kingi ya shupaza, jeki ya shupaza, 6 ya uru. Anapita, unaweka 65, anafuata. Kapu 260.

Karata ya nne: 2 ya pau. Anapita, unaweka 170, anafuata. Kapu 600.

Karata ya tano: 3 ya kopa. Haikubadilisha kitu. Safari hii hapiti. Anaweka 600 yeye mwenyewe.

Unalipa 600 kugombania jumla ya 1,800. Unahitaji kushinda mara moja katika kila tatu, yaani asilimia 33. Sasa tuhesabu anaweza kuwa na nini.

Zinazokushinda: kingi na jeki. Kingi moja iko mezani na moja mkononi mwako, zimebaki mbili. Jeki moja iko mezani, zimebaki tatu. Mbili mara tatu ni namna 6. Jozi ya 6 inayotengeneza tatu: 6 zimebaki tatu, namna za kuchukua mbili ni 3. Jumla 9. Jozi ya jeki na jozi ya kingi angezipandisha kabla ya flopu, tuziache. Jozi ya 2 na ya 3 zisingefuata flopu ile. Kingi yenye esi au kwini, na jozi mbili nyingine, nazo tuziache ili mfano usiwe mrefu.

Zilizokosa: kwini na 10, aliyekuwa akisubiri esi au 9 ili apate streti. Kwini ziko 4, kumi zimebaki 3 kwa kuwa moja unayo. Namna 12.

Ngazi ya kwanza: hawezi kuweka 600 bila kitu. Zilizokosa alizitupa moyoni zamani. Uko dhidi ya namna 9 zinazokushinda na sifuri unazozishinda. Tupa.

Ngazi ya pili: anajua una kingi, anaogopa utamfuata. Katika zile 12 labda atathubutu kwa 3. Tatu kwa kumi na mbili ni asilimia 25. Bado tupa.

Ngazi ya tatu: anajua kwamba wewe unajua kuwa yeye aliyefuata mara mbili ana kitu, na kwamba jozi yako moja itatetemeka. Anaweka zote 12. Kumi na mbili kwa ishirini na moja ni asilimia 57. Fuata, tena haraka.

Mstari wa kukata uko kati ya 4 na 5: akizuga kwa namna 4 una asilimia 31, hasara, kwa 5 una 36, faida. Karata zako hazikubadilika hata kidogo kutoka jibu moja hadi jingine, na dau lake pia.

---

Mtoto_wa_Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Hesabu_Ndanda, mbona umeziacha shupaza? Mezani kulikuwa na shupaza mbili kwenye flopu, aliyekuwa akisubiri flashi naye amekosa.

---

Hesabu_Ndanda

Marahaba. Swali zuri. Nimeziacha ili mfano usiwe mrefu, na kwa kuwa wachezaji wengi wenye esi ya shupaza na shupaza nyingine hupandisha mapema wakiwa bado na karata mbili za kusubiri. Kwenye flopu mwenye shupaza nne ana karibu asilimia 35 ya kupata flashi hadi karata ya tano. Ukijumlisha na wale wanaotupa palepale, kupandisha mapema kunalipa.

Ukitaka kuzihesabu, chukua esi ya shupaza pamoja na shupaza isiyooana na karata ya mezani: kwini, 10, 9, 8, 7, 5, 4. Namna 7. Ukijua huyu ni mtu wa kufuata na kusubiri, ziongeze kwenye zile 12 na kufuata kunakuwa rahisi zaidi. Kwa wa ngazi ya kwanza jibu halibadiliki: ataongezewa zilizokosa ishirini na bado hatoweka 600 kwa hata moja.

---

Newala_Juu

Naona uzi unaelekea mahali pazuri ila nina pingamizi. Habari hii yote ya kukisia mtu yuko ngazi ipi ni mtihani usio na mwisho. Nitamfuata wa tatu, atapanda wa nne, nitapanda wa tano, tutazunguka hadi adhana ya alfajiri. Dawa yake ilishapatikana: cheza kwa uwiano ambao hauwezi kunyonywa na ngazi yoyote.

Ukiweka dau sawa na kapu kwenye karata ya tano, kwa kila karata mbili nzuri weka mkwara mmoja. Ukiweka nusu ya kapu, kwa kila tatu nzuri weka mkwara mmoja. Kwa uwiano huo mpinzani akifuata au akitupa matokeo yake ni yaleyale, hana cha kufikiri. Ukiwa unajilinda, dhidi ya dau sawa na kapu shikilia nusu ya karata zako, dhidi ya nusu ya kapu shikilia theluthi mbili.

Programu ya Libratus mwaka 2017 iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa pale Pittsburgh, michezo 120,000 kwa siku 20, mmoja kwa mmoja. Mwaka 2019 Pluribus ikafanya hivyo kwenye meza ya watu sita. Hazikuwa zikiuliza mtu yuko ngazi gani. Zilikuwa na uwiano.

---

Mikindani_Kwetu

Newala_Juu hoja yako ni ya kweli na nusu yake naichukua. Tuitazame yote.

Uwiano unakulinda usiliwe. Haukufanyi ule. Mtu wa ngazi ya kwanza asiyetupa jozi hata siku moja, ukimwekea mkwara mmoja kwa kila karata mbili nzuri, mkwara huo mmoja unamzawadia. Kwake uwiano sahihi ni mikwara sifuri na madau makubwa zaidi ukiwa na karata. Kwa mwoga anayetupa kila esi ikitua, uwiano sahihi ni mikwara mingi kuliko huo wa kitabuni. Dau la theluthi mbili ya kapu linahitaji atupe mara 40 katika 100 ili lijilipe. Kama yeye anatupa mara 60, kila mkwara unaouacha ni kete umeziacha mezani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalisemi. Ule ulinzi kamili wa kutokushindwa kwa muda mrefu una uthibitisho wa hesabu kwenye mchezo wa watu wawili. Wakiwa watatu na kuendelea, uthibitisho huo haupo kwa namna ileile, kwa sababu wawili wanaweza kucheza vibaya kwa namna inayokuumiza wewe na kumfaidisha wa tatu. Pluribus ilifanya vizuri kwa matokeo, si kwa sababu kuna kanuni inayomhakikishia hilo mtu wa meza ya watu sita.

Kwa hiyo mimi nauona uwiano kama mahali pa kusimama wakati humjui mtu. Mgeni amekaa mezani, hujaona karata zake hata moja: cheza kwa uwiano wa Newala_Juu. Akishafunua mara tatu, hama kuelekea kwake. Ukiona naye amehama, rudi ulikotoka.

---

Newala_Juu

Hapo tunakubaliana zaidi ya nilivyodhani. Ila sisitiza "kuelekea", watu wasiruke. Mtu amefuata mara mbili kwa jozi ndogo, usiondoe mikwara yako yote kwa mara moja. Punguza kwa nusu, tazama, punguza tena.

---

Kilwa_Kisiwani

Kuna mchezo mdogo unaopima hili bila karata, mnaweza kuufanya kijiweni kwa dakika tano. Kila mtu aandike kwa siri namba kati ya 0 na 100. Mnajumlisha, mnapata wastani, mnachukua theluthi mbili ya wastani. Aliyekaribia zaidi namba hiyo ameshinda. Mtafiti Rosemarie Nagel alichapisha majaribio ya mchezo huu mwaka 1995.

Asiyefikiri anaandika chochote, wastani wao ni kama 50. Anayefikiri hatua moja anaandika 33. Hatua mbili, 22. Hatua tatu, kama 15. Anayefikiri hadi mwisho wa dunia anaandika 0. Tuseme mko sita na mmeandika 50, 40, 33, 33, 22 na 0. Jumla 178, wastani karibu 30, theluthi mbili yake karibu 20. Ameshinda wa 22. Yule wa 0, mwenye akili nyingi kuliko wote, yuko mbali kabisa. Watu wengi kwenye majaribio huishia hatua ya kwanza au ya pili, na poka za mitaani haziko mbali na hapo.

Na wale wanaofuatilia korosho wanaijua hesabu hii. Enzi za zabuni zilizofungwa kwenye minada ya vyama vikuu, kabla ya kuhamia mfumo wa TMX (Soko la Bidhaa Tanzania), mnunuzi hakuhitaji tu kujua ubora wa mzigo ulioko ghalani. Alihitaji kukisia wenzake wameandika bei gani. Aliyeandika juu mno alipata mzigo na hasara pamoja.

---

Mtama_Njiapanda

Huu wa namba tutaujaribu. Sasa, mkwara wenyewe kwa wa ngazi ya pili unafanywaje? Mikindani alisema huyu anaogopa esi. Kila esi ikitua niweke?

---

Dada wa Ligula

Siyo kila esi. Jiulize kwanza kama wewe, kwa ulivyocheza tangu mwanzo, unaweza kuwa na esi hiyo. Ulipandisha kabla ya flopu ukiwa umekaa mwishoni, esi nyingi ziko kwako. Yeye aliyefuata tu ana chache, kwa sababu zile kubwa angezipandisha. Hapo weka. Ila kama ni wewe uliyefuata na yeye ndiye aliyepandisha, esi hiyo ni yake zaidi kuliko yako, na mtu wa ngazi ya pili analijua hilo.

Kiasi: kapu 260, weka kama 170. Dogo zaidi ya hapo linampa moyo wa "ngoja nione ya mwisho". Kubwa zaidi ya hapo unalipa bei kwa kitu ambacho 170 ingekipata. Anapofuata 170 na karata ya tano haikuleta tishio jipya, nyamaza. Mtu wa ngazi ya pili aliyefuata hapo amekwisha kujiuliza una nini na ameridhika na jibu. Kumpiga mkwara wa tatu ni kubishana na mtu aliyeshaamua.

Karata unazoshika zina uzito kwenye uamuzi huu. Mezani zikitua kopa tatu na wewe huna kopa hata moja, namna za mpinzani kuwa na flashi ni 45. Ukiwa na esi ya kopa peke yake mkononi, zinashuka hadi 36, na ile flashi kubwa kuliko zote hawezi kuwa nayo mtu yeyote. Hiyo ndiyo karata ya kufanyia mkwara dhidi ya mtu anayefikiri. Dhidi ya asiyefikiri haina kazi, kwa sababu hata flashi ya 4 hawezi kuitupa.

Na msifanye mikwara mbele ya umati. Hili linaua watu wengi kuliko jingine lolote. Mpinzani mmoja anayetupa mara 60 katika 100 ni mteja mzuri. Wakiwa watatu wa namna hiyo, wote kutupa kwa pamoja ni 0.6 mara 0.6 mara 0.6, ambayo ni chini ya 22 katika 100. Na kwenye vijiwe vyetu, katika watatu hao mmoja lazima awe wa ngazi ya kwanza.

---

Msimamizi wa jukwaa

Wakuu uzi mzuri, uendelee. Nikumbushe tu tuzungumze kwa kete. Michezo ya pesa inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania na inahitaji leseni, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi. Maombi ya "nielekezeni wanapocheza kwa hela" nitayafuta.

---

Mtoto_wa_Nachingwea

Nina moja la mwisho. Mtu akibadilika katikati ya mchezo? Saa mbili usiku anacheza kama mwalimu, saa sita simwelewi tena.

---

Hesabu_Ndanda

Ngazi si cheo cha kudumu. Mtu anashuka kwa sababu tatu hivi: uchovu, kupoteza kapu kubwa, na kubaki na kete chache. Na kushuka kwake kuna alama. Aliyekuwa akisita kabla ya kufuata sasa anafuata kabla hujamaliza kuweka. Aliyekuwa akitupa karata mbovu akiwa wa kwanza kuongea sasa anaingia kila mchezo. Ukiona hayo, rudisha mikwara yako mfukoni kwa muda na ongeza ukubwa wa madau ukiwa na karata. Hasira ikishapoa, kwa kawaida baada ya kushinda kapu moja, anarudi alikokuwa. Nawe rudi.

Mwenye kete chache ni habari nyingine. Akibaki na 200, yaani madau makubwa kumi, ngazi zinakwisha kazi. Hana nafasi ya kukusimulia hadithi ya karata tatu. Ataweka zote au atatupa. Hapo hesabu ni moja tu: fungu la karata anazoweza kuwekea zote likoje, na yako inashinda asilimia ngapi ya fungu hilo.

Kupanda pia kupo. Umemfanyia mtu mkwara, akatupa, ukamfunulia kwa kujigamba. Kwa muda wa michezo miwili mitatu umempandisha hadi ngazi ya tatu bila yeye kujua, kwa sababu sasa anafikiri kuhusu wewe. Kama unamfunulia, funua kwa makusudi, na mara inayofuata uwe na karata.

---

Mikindani_Kwetu

Kwa aliyeuliza pembeni kuhusu namna ya kuandika: daftari dogo linatosha, kila mtu nusu ukurasa. Andika vitu vinne tu. Karata alizofunua na dau aliloweka kwenye kila hatua. Kiasi anachopenda kuweka akiwa nacho na akiwa hana. Alichofanya karata ya kutisha ilipotua. Na alikuwa amekaa wapi. Usiandike "mzuri" au "mbovu", maneno hayo hayakusaidii wiki ijayo. "Jozi ya 8, alifuata 100 na 250, akatupa kwa 600" linakusaidia, kwa maana linakuambia bei yake inakatikia wapi. Mtu huyo wiki ijayo unamwekea 450.

---

Newala_Juu

Na kama ana karata nzuri zaidi ya jozi ya 8 hiyo wiki ijayo?

---

Mikindani_Kwetu

Atapandisha. Na umeshasoma juu nini cha kufanya wa ngazi ya kwanza akipandisha.